Namna ya Kuandaa Daftari la Wanajamii kwa Vikundi vya Waogiek wa Nessuit na Mariashoni

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliwatambua Waogiek wa Msitu wa Mau nchini Kenya kuwa jamii ya wenyeji wa asili katika hukumu yake ya tarehe 26 Mei 2017, lakini kazi ya kuorodhesha wanajamii, jina kwa jina, inabaki mikononi mwa jamii yenyewe.

Kabla ya kuandika jina lolote, itisheni mkutano wa koo zote mkubaliane kigezo cha uanachama. Hapa msiharakishe. Kwa mfano, Wacherokee, wenyeji wa asili wa Marekani, wana mataifa matatu yanayotambuliwa na serikali kuu ya nchi hiyo, na kila moja lina sharti lake: Cherokee Nation ya Oklahoma humtaka mtu athibitishe kwamba ametokana na aliyeandikwa katika orodha ya Dawes (daftari la zamani la wanajamii lililoandikwa na serikali ya Marekani), bila kujali kiasi cha damu, yaani sehemu ya nasaba yake iliyo ya Kicherokee; Eastern Band ya North Carolina hutumia daftari lake la mwaka 1924, orodha ya Baker, na hudai angalau sehemu moja ya 16 ya damu, nayo United Keetoowah Band hudai robo. Orodha ya Dawes iliwaandika waliokuwa watumwa wa Wacherokee katika kurasa za peke yao, na wajukuu wao walishindania uraia mahakamani hadi mwaka 2017. Kwa hiyo msiweke safu ya kuwapambanua "halisi" na "waliokuja", na mwamue mapema hali ya wake walioolewa kutoka jamii nyingine na watoto waliolelewa.

Kila kaya ipewe ukurasa wake. Andikeni ukoo wa baba na wa mama, na mahali familia ilipotundika mizinga ya nyuki. "Babu aliishi Mau" haitoshi. Tajeni kijito, aina ya mti na ukoo uliopakana nao. Wazee wawili wa koo tofauti wahojiwe kila mmoja peke yake, kisha maelezo yao yalinganishwe. Fedha za vipimo vya DNA, ambavyo hata Cherokee Nation haivikubali kuwa ushahidi wa uraia, afadhali zilipie nauli za wazee hao.

Daftari likikamilika, majina yasomwe hadharani na pingamizi ziandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Sheria ya Kenya ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inataka mkutano wa jamii uchague kamati ya watu 7 hadi 15. Kamati hiyo ndiyo itakayowasilisha daftari kwa msajili wa ardhi ya jamii. Nakala nyingine ihifadhiwe kwingine, na namba za vitambulisho zisisambazwe kwenye makundi ya WhatsApp.