SOMO: Wazamiaji wasitafutwe na wakati wako salama

Wakuu habarini, somo la leo ni la manahodha na waongoza wazamiaji, hasa nyie mnaoshusha wageni Mnemba na Pemba siku za bamvua mkondo unapovuta vibaya. Boti ya uokoaji ikihangaika kumtafuta mtu ambaye kumbe kashaoga yuko hotelini anakula, mvuvi aliyepinduka kweli anakosa msaada, na hilo linaniuma sana.

1. Andika majina yote na saa ya kuibuka, karatasi moja abaki nayo nahodha na nyingine mtu wa nchi kavu. Saa andika 15:00 kama kwenye simu, maana ukimwambia mgeni mnarudi saa tisa yeye anaelewa saa tatu asubuhi, ikifika saa nne mkewe huko ufukweni analia anapigia kila mtu.

2. Rudieni ishara mkiwa botini. Aliyeibuka salama anagusa utosi kwa mkono au anakutanisha mikono yote miwili juu ya kichwa kama duara. Kupunga mkono ni kuomba msaada, sasa wageni wengi wanapunga kusalimia tu, wakatazeni kabisa.

3. Rangi ya boya analopandisha mzamiaji nayo mkubaliane, wengine chungwa ni salama na njano ni shida, wengine hawatofautishi.

4. Wakipanda ita jina kwa jina, usihesabu vichwa. Ukiokota mzamiaji wa boti nyingine, mwite nahodha wake redioni HAPOHAPO.

5. Usipowaona chukua GPS, saa, na mkondo unaelekea wapi, kisha ita kwa redio ya VHF chaneli 16, ile ya dharura. Wakipatikana tangaza chaneli ileile kwamba msako usitishwe.

MASWALI

Swali: Muda ukipita nisubiri dakika ngapi?
Jibu: Mnapanga kabla ya kushuka, sisi ni 15. Ila upepo wa kusi ukichafuka usisubiri, ita.

Swali: Nikiita halafu wakaibuka si nitaonekana muongo?
Jibu: Hapana ndugu yangu, wasiwasi wako ulikuwa wa kweli, ita tu. Kosa ni kuwapata ukanyamaza, watu wakaendelea kuzunguka baharini mpaka usiku.

Swali: Boti yetu ndogo haina redio.
Jibu: Simu iwe na chaji, ndani ya mfuko usioingiza maji, na namba ya KMKM (kikosi cha Zanzibar kinacholinda bahari) wa karibu uwe umeshaisevu. Chukua na namba za manahodha wenye redio mnaokutana nao hukohuko, wakuitie chaneli 16, na wazamiaji wakishapatikana wakutangazie msako usitishwe.