Namna ya kuchuja hadithi za M/M kwenye AO3

Hadithi za M/M, yaani za mapenzi kati ya wanaume, zinazoandikwa na mashabiki, zimebebwa na wanawake tangu mwanzo. Miaka ya 1970 mashabiki wa tamthilia ya runinga Star Trek, wengi wao wanawake, walitumiana kwa posta vijarida vya mapenzi ya wahusika wake wawili wa kiume, Kirk na Spock. Ule mkwaju (/) wa katikati, Kirk/Spock, ungali unatumika. Leo ghala kubwa ni Archive of Our Own, yaani AO3, tovuti ya bure iliyofunguliwa mwaka 2009. Hakuna mhariri anayekupangia kizuri na kibaya, kwa hiyo asiyejua kuchuja huambulia hadithi tatu mbovu mfululizo, akaondoka.

Anza na majina ya wahusika. "A/B" ni wapenzi; "A & B" ni marafiki au ndugu. Ukibonyeza ya pili kwa haraka utasoma sura kumi ukisubiri busu lisilokuja.

Kisha tazama viboksi vinne kwenye kona ya kila hadithi. Cha juu kushoto ni kiwango: kijani kwa wote, manjano kwa vijana, chungwa kwa watu wazima, chekundu ni ngono ya wazi. Cha juu kulia ni aina ya uhusiano. M/M ni cha buluu. Cha chini kulia kikiwa na tiki ya kijani, hadithi imekamilika. Namba za sura nazo husema: 12/12 imeisha, 12/? mwandishi mwenyewe hajui itaishia wapi.

Kiboksi cha chini kushoto ndicho kinachowaliza watu. Ni cha maonyo: ukatili wa kutisha, kifo cha mhusika mkuu, ubakaji, ngono inayohusisha walio chini ya umri. Kikiwa kitupu, mwandishi ametamka kwamba hakuna hata kimoja. Kikiwa na alama ya kuuliza na ya mshangao, amekataa kusema, na hapo lolote laweza kutokea, hata mpenzi kufa ukurasa wa mwisho. Wengi huzichukulia hizi mbili kuwa kitu kimoja. Riwaya za mapenzi za dukani kwa kawaida humaliza kwa furaha. Huku hakuna aliyekuahidi hivyo. Ukitaka uhakika, ongeza tagi (lebo ya hadithi) "Happy Ending", yaani mwisho wa furaha.

Sasa fungua Filters, sehemu ya kuchuja. Kwenye Include weka M/M, kwenye Exclude weka usichokitaka kabisa. Exclude ina faida kuliko Include, maana waandishi hutaja mazuri kwa majina mengi, lakini yanayoudhi watu huyataja kwa majina yaleyale. Chagua Complete Works Only. Kwenye idadi ya maneno, 5,000 hadi 15,000 ni ya jioni moja. Kuanzia 50,000 ni riwaya.

Hata hivyo, tagi ya M/M inaweza kuwekwa kwa ajili ya wapenzi wanaopita nyuma ya kisa kingine. Dawa yake: kwenye Search within results andika otp: true, na zitabaki zenye uhusiano mmoja tu. Usiifanye mazoea, kwani inatupa nje riwaya ndefu nzuri zenye wapenzi wa pembeni.

Kupanga kwa Kudos, yaani sifa za wasomaji, kunazibeba hadithi za zamani, zilizokusanya sifa kwa miaka. Afadhali Bookmarks, yaani idadi ya walioihifadhi, kisha bana tarehe iwe ya miaka miwili iliyopita. Hits, yaani mara ilizofunguliwa, zipuuze; hadithi yenye sura nyingi hupandisha namba kila msomaji wake anaporudi.

Hadithi yenye alama ya kufuli huioni bila akaunti, na akaunti hutolewa kwa mwaliko: unaacha barua pepe yako kwenye foleni.

Ukiipenda hadithi, bonyeza Download kabla bando halijakata. Kati ya aina za faili, EPUB inafaa simu, AZW3 inafaa Kindle, kifaa cha kusomea vitabu. PDF kwenye kioo kidogo inachosha macho kwa sababu herufi hazijipangi upya. Nakala yako haitaongezewa sura mpya, ila mwandishi akiamua kufuta kazi yake, wewe bado unayo.