Somo: Kuchora katuni ya kutisha ya watoto waliopotea na ndagu za ziwani

Wakuu, salaam. Tangu niwaonyeshe kurasa za kwanza za katuni yangu mmekuwa mkiuliza naifanyaje. Somo ndilo hili. Mnivumilie nikirefusha penye masharti, maana hapo ndipo penye kazi.

Hatua ya 1: Anza na sharti, zimwi litafuata

Nani Kanda ya Ziwa hajasikia habari za ndagu? Mtu anakwenda kwa mganga kutafuta utajiri, anapewa, na anapewa masharti yake. Wachoraji wengi wanakimbilia pembe na meno. Pembe hazimtishi msomaji wetu. Kinachomtisha ni sharti lililoonekana jepesi siku ya kupewa.

Katika hadithi yangu, tajiri wa mitumbwi wa Kirumba, Mwanza, anaambiwa na mganga: "Sitaki ng'ombe wala kuku. Nitachukua usichokihesabu." Anarudi nyumbani anacheka. Usiku kucha anaandika daftarini: mitumbwi 6, karabai 24, nyavu, magunia ya dagaa, hadi mabati ya paa. Wanawe Kulwa na Doto anawaandika mstari mmoja, kama wanavyoitwa pale nyumbani: "mapacha". Mbele yake anaweka 1.

Mstari ule nimeupa fremu nzima. Mwandiko wa kalamu ya bluu, na pembeni alama ya kidole chenye mafuta ya taa. Damu hakuna. Asubuhi mkekani kuna vikombe viwili vya uji na mtoto mmoja.

Andika sharti lako kwa sentensi moja fupi. Likihitaji maelezo, bado halijaiva.

Hatua ya 2: Tumia giza la ziwa

Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku usio na mwezi. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wa dagaa wanapumzika. Basi kalenda ya hofu umeshapewa: watoto wapotee mwezi ukiwa gizani. Ukikaa juu ya miamba usiku kama huo, taa za mitumbwi ni kama mji mwingine umejengwa majini.

Usijaze wino mweusi ukurasa wote. Kila taa iachie duara jeupe, na chini yake mkia wa mwanga unaokatikakatika kwenye mawimbi. Kisha chora taa moja isiyo na mkia. Usiiandikie neno.

Hatua ya 3: Mtoto awe mtoto wa mtu

Nikiwa mdogo Igogo, lilipita gari lenye spika likitangaza mtoto aliyepotea: fulana ya njano, kandambili za bluu, ya kushoto kamba yake imeshikizwa kwa msumari. Alipatikana jioni ileile, lakini ule msumari sijausahau mpaka leo. Mama yake ndiye aliyeutaja, maana yeye ndiye aliyeupiga. Mpe mtoto wako kitu cha namna hiyo mapema, msomaji akizoee, kisha kitokeze mahali kisipostahili kuwepo.

Hatua ya 4: Kurasa

Swali liwe chini ya ukurasa wa kulia, kitisho kiwe juu ya ukurasa wa kushoto, ili mkono wa msomaji mwenyewe ndio ufunue. Ukitaka kuchapa kijitabu cha kubana pini katikati, idadi ya kurasa igawanyike kwa 4.

Hatua ya 5: Usichore haya

Usimfanye mchawi wako bibi mwenye macho mekundu. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho yale, na macho yale ni moshi wa jikoni, miaka na miaka ya kupuliza kuni. Wala usimtumie mtu mwenye ualbino kama kafara au kiumbe wa ajabu. Wenzetu wamekatwa viungo kwa imani hizihizi za utajiri, na wapo watoto waliolala macho wakisubiri panga. Mganga wangu nimemvalisha shati lililopigwa pasi, na anamkaribisha mteja chai. Dawa zake sizionyeshi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, naweza kumtumia Shing'weng'we badala ya mganga?*
Unaweza. Ila kumbuka ngano yenyewe ya Kisukuma: zimwi linameza watu, anabaki mama mjamzito aliyejificha, na mwanawe Masala Kulangwa ndiye anayekuja kulipasua tumbo watu watoke. Ukichukua kumeza ukaacha kupasua, wazee watakuuliza. Nenda Makumbusho ya Bujora pale Kisesa uongee nao kabla hujashika penseli.

*Kaka, sina kompyuta wala kalamu za bei.*
Dada, mimi natumia penseli ya 2B, karatasi ya A4 na kalamu nyeusi ya kawaida. Sehemu nyeusi kubwa napaka kwa brashi na wino. Napiga picha kwa simu, asubuhi karibu na dirisha.

*Chunusi, yule jini wa majini, akiwa ndiye anayewachukua watoto?*
Sawa, lakini awe na sharti lake. Chunusi anayevuta tu ni ajali ya maji.

*Doto anarudi au harudi? Mwanangu ananisumbua.*
Mwambie hivi, ndugu yangu: ukurasa wa mwisho Kulwa analiiba daftari la baba, anaifuta ile 1 kwa mate na kidole mpaka karatasi inatoboka, anaandika 2. Fremu inayofuata ni ziwa usiku, na ile taa sasa ina mkia.