Kupima pumzi ya udongo mkavu wa Tabora

Mwezi Septemba udongo wetu unatoka mkononi kama vumbi, ila haujafa: bakteria na kuvu wamelala, wanangoja maji. Mimi nalinganisha udongo wa chini ya mitundu (miti ya miombo) na wa shamba la tumbaku lililokatwa kwenye pori hilohilo, kwa kupima hewa ukaa ambayo viumbe hao wanaitoa. Vifaa vyake ni vya maabara ya kawaida.

Hatua ya 1: Kuchota. Ondoa majani makavu, chimba sentimita 10 za juu. Chota sehemu kumi hivi kwa kila eneo, uchanganye kwenye ndoo safi. Shambani, udongo wa juu ya tuta na wa mferejini usiwekwe mfuko mmoja, maana mbolea imekaa tutani. Safirisha kwenye deli lenye barafu.

Hatua ya 2: Kuchekecha. Tumia chekecheke la matundu ya milimita 2, utoe mizizi. Ile ya mtundu itazame kwanza: ncha zilizovimba na kuvikwa utando ni kuvu wanaoishi na mti huo. Jamaa zao ndio wanaotupa uyoga mvua zikianza.

Hatua ya 3: Kulowesha, na kusubiri. Hapa ndipo nilipoharibu kazi ya wiki nzima. Nililowesha nikapima siku ileile. Namba zikawa kubwa ajabu, nikafurahi. Kumbe udongo uliokauka ukipata maji hutoa mfumuko wa hewa ukaa kwa siku chache, kisha hutulia. Mtafiti wa udongo H. F. Birch, aliyekuwa akifanya kazi Muguga, Kenya, aliueleza mwaka 1958, na mfumuko huo hadi leo una jina lake. Kwa hiyo lowesha hadi asilimia 60 ya maji ambayo udongo unaweza kuyashika, funika kwa ulegevu, uache wiki moja gizani. Ukitaka kuupima mfumuko wenyewe, sawa, lakini uandike hivyo.

Hatua ya 4: Kufungia. Gramu 50 za udongo ziingie kwenye chupa ya mdomo mpana, pamoja na kikombe kidogo chenye mililita 10 za sodiamu haidroksaidi ya 0.5 M (moli 0.5 kwa lita), ambayo hunasa hewa ukaa. Kaza kifuniko saa 24. Andaa chupa tatu kwa kila sampuli, na nyingine tatu zisizo na udongo. Bila hizi huna matokeo, kwa sababu haidroksaidi hunyonya hata hewa ukaa ya chumbani.

Hatua ya 5: Titresheni, yaani kupima kwa asidi haidroksaidi iliyobaki. Vaa glavu na miwani. Ongeza bariamu kloraidi (ni sumu, usiimwage kwenye sinki), matone ya fenofthalini (kionyeshi cha rangi), kisha asidi haidrokloriki ya 0.5 M polepole mpaka rangi ya waridi ipotee.

Tuseme chupa isiyo na udongo imekula mililita 9.8 za asidi, yenye udongo 9.2. Tofauti 0.6 × 0.5 × 6 = miligramu 1.8 za kaboni (6 ni nusu ya 12, uzito wa kaboni, kwa kuwa kila molekuli ya hewa ukaa hula haidroksaidi mbili). Gawanya kwa kilo 0.05: miligramu 36 kwa kilo kwa siku. Hiyo kilo 0.05 iwe uzito wa udongo mkavu, si ule wenye maji.