Kusi likivuma: uchague vipi draiva ya ovastebo

Kusi likishaanza hapa Malindi, mwezi wa nne hivi mpaka wa tisa, ukicheza gofu ya diski (unarusha diski mpaka kwenye kikapu) ukarusha diski nyepesi kutazama upepo inabiduka juu kwa juu halafu inaenda zake, ndo hapo kila mtu anauliza anunue draiva gani, yani ile diski ya mrusho wa kwanza wa nguvu. Jibu ni ovastebo, yani isiyopinduka kirahisi na inayokata, kugeukia upande, kwa nguvu ikipoteza kasi, ila tusidanganyane, hiyo si diski ya kukupa masafa marefu bana, ni ya kukupa uhakika. Upepo wa usoni kwa diski ni kama umeirusha kwa kasi zaidi ya ile ya mkono wako, ndo mana zile laini, zisizo ovastebo, zinapinduka na ovastebo inashikilia.

Kila modeli ina namba nne: spidi, kuelea, kupinda, na kukata mwishoni. Watu wanakimbilia ya kwanza. We tizama ya tatu na ya nne. Destroyer ya kampuni ya Innova ni 12, 5, -1, 3, ile -1 yani ukiipa nguvu itapinda kidogo kulia kabla haijarudi kushoto (nasema bekihendi ya mkono wa kulia, ule mrusho wa mkono kuanzia upande wa pili wa kifua). Xcaliber ni 12, 5, 0, 4, hiyo haitaki kupinda na ikichoka inakata kweli kweli. Na kama mkono bado haufiki spidi 12, usijitese, itatoka mkononi ikate papo hapo, bora uchukue Firebird, 9, 3, 0, 4, si draiva ya masafa kamili lakini kwa upepo wetu inatosha na mdomo wake, ule ukingo unaoushika, ni mwembamba kwa wenye vidole vifupi.

Hata modeli moja hazilingani, kwa hiyo ukipata nafasi ya kushika mbili, ziinue usawa wa macho. Iliyo bapa juu mara nyingi ndo kali kuliko yenye kibyongo. Kisha pitisha kidole ukingoni, ule mshono wa plastiki ukiwa juu zaidi, hiyo ndo inakata zaidi. Uzito nenda gramu 173 mpaka 175, nyepesi zinachezewa na upepo. Plastiki ya Innova iitwayo DX ni bei nafuu lakini ikigongagonga inalegea na ukali unaisha, ile ya Champion inadumu.

Tena fikiria bahari. Ukisimama ufuo wa Silversands ukatazama kusini, maji yako kushoto, na bekihendi ya mkono wa kulia inakata hukohuko kushoto, na diski nyingi zinazama! Rusha fohendi, yani kiganja kikitangulia mbele, ikate kulia kwa mchanga. Kaskazi likija unageuka upande wa pili na bekihendi yako inarudi kazini.

Rangi chukua chungwa au pinki, nyeupe kwa ule mchanga utaitafuta mpaka giza liingie, na namba ya simu iandike upande wa chini.