Somo: Skrini ya laptopu inacheza ukipunguza mwangaza? Pitia hapa kabla ya kununua kioo

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na mara nyingi muulizaji anakuja akiwa ameshanunua kioo kipya ambacho hakikuhitajika. Naliandika lote hapa. Linahusu skrini inayotulia mwangaza ukiwa juu, halafu inaanza kuchezacheza ukiushusha.

1. Izime, iwashe upya. Jaribu ikiwa kwenye chaja, kisha kwenye betri peke yake.

2. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya laptopu, wakati inawaka (kwa laptopu nyingi ni F2, Delete au Esc). Humo Windows bado haijaingia kazini. Skrini ikicheza humo, acha kuhangaika na draiva (programu inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa), nenda hatua ya 5. Lakini ikitulia usishangilie: BIOS nyingi huwaka kwa mwangaza wa juu, na ugonjwa wetu huonekana mwangaza ukiwa chini.

3. Fungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc. Ikicheza pamoja na kila kitu, shuku draiva ya picha. Ikitulia yenyewe huku vingine vinacheza, kuna programu inayosumbua. Draiva ichukue kwa mtengenezaji wa laptopu. Kama tatizo lilianza baada ya sasisho, rudisha ile ya zamani.

4. Zima mbinu za kuokoa betri zinazogusa skrini. Kwenye programu ya picha ya Intel, zima Panel Self Refresh. Kwa AMD, zima Vari-Bright. Kwenye Windows 11, fungua mipangilio ya mwangaza uzime ule unaobadilika kufuata kilichopo kwenye skrini. Wa Linux wenye Intel, ongeza i915.enable_psr=0 kwenye mstari wa kuwashia kernel.

5. Kipimo cha kamera. Fungua ukurasa mweupe mtupu, shusha mwangaza hadi 20, kisha itazame skrini kupitia kamera ya simu iliyowekwa kasi ya 1/1000 au zaidi. Ukiona mistari myeusi inayopungua au kutoweka unapopandisha mwangaza, hiyo ni PWM: taa za nyuma ya kioo hazififii, zinawashwa na kuzimwa haraka sana. Zikifanya hivyo mara 200 kwa sekunde, kila mzunguko ni milisekunde 5. Kwa mwangaza wa asilimia 20, taa zinawaka milisekunde 1 na kukaa gizani 4. Kioo hakijaharibika, kimetengenezwa hivyo. Tafuta kiwango ambacho mistari inakwisha, usishuke chini yake, halafu punguza ukali kwa programu na mandhari meusi.

6. Kebo ya skrini. Funua na ufunike kifuniko polepole. Kucheza kwa skrini kukibadilika kufuata pembe, kebo inayopita kwenye bawaba imelegea au imechakaa.

Hapa naomba usome taratibu, maana hapa ndipo nilipoharibu. Niliizima laptopu, nikaifungua, nikachomoa kebo ya skrini nikaichomeka tena. Betri niliiacha mahali pake. Niliamini laptopu iliyozimwa haina umeme. Inao. Kebo inayopeleka picha ndiyo hiyo hiyo inayopeleka umeme wa taa, na pini zake zimebanana sana. Yangu iliingia upande kidogo, pini zikagusana, na fyuzi ndogo ya taa kwenye bodi kuu ikaungua. Nilipowasha, giza. Laptopu haikuwa yangu, na mwenyewe alikuwa na kazi yake humo ya kukabidhi wiki hiyo.

Kwa hiyo: chomoa chaja, chomoa betri kutoka kwenye bodi, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 hivi, ndipo uguse kebo. Ichomeke ikiwa imenyooka, usiilazimishe. Betri iwe ya mwisho kurudi. Kama betri imevimba, simama hapo hapo, mpelekee fundi.

MASWALI

chapchap: Mkuu yangu inacheza sana, nifanyeje?

Mwandishi: Hatua ya 1 hadi ya 6. Rudi na majibu ya hatua ya 2 na ya 5.

chapchap: Si uniambie tu ni kioo au siyo?

Mwandishi: Siwezi kukijua kioo ambacho wewe mwenyewe hujakipima.

kinubi_7: Nilibadilisha kioo, bado inacheza. Somo lako halijanisaidia.

Mwandishi: Ndugu, somo linasema upime kabla ya kubadilisha. Kama kioo kipya ni cha modeli ile ile, kina PWM ile ile. Fanya hatua ya 5 sasa.

kinubi_7: Nimefanya. Mistari ipo, nikifika 60 inatoweka.

Mwandishi: Basi kaa 60, mengine punguza kwa programu. Pole kwa gharama.

maswali_mengi: Samahani mkuu, kwa nini wasipunguze tu umeme unaoingia kwenye taa badala ya kuziwashawasha?

Mwandishi: Swali zuri sana. Wapo wanaofanya hivyo, na skrini zao zinatulia. Shida ni kwamba LED ikipewa umeme kidogo rangi yake hubadilika kidogo, na umeme ukiwa mdogo kabisa ni vigumu kuudhibiti sawasawa. PWM inaiwasha kwa nguvu ile ile kila mara, kwa hiyo rangi haiyumbi. Wengine huchanganya: juu wanapunguza umeme, chini wanahamia PWM, ndiyo maana mistari huanzia kwenye kiwango fulani. Kasi nayo ni muhimu. Mwongozo wa IEEE (chama cha wahandisi wa umeme na elektroniki) namba 1789 wa mwaka 2015 unahesabu kuwaka na kuzima kwa zaidi ya mara 3,000 kwa sekunde kuwa hakuna athari inayoonekana.

maswali_mengi: Na OLED?

Mwandishi: Haina taa za nyuma, kila nukta inawaka yenyewe, lakini nyingi hutumia PWM pia. Dawa ni ile ile. Kwa Linux inayotumia Xorg, jaribu xrandr --output eDP-1 --brightness 0.7. Hiyo hupunguza rangi bila kugusa taa. Jina la skrini yako utaliona ukiandika xrandr peke yake.

fundi_mpya: Nimechomoa kebo betri ikiwa ndani. Sasa giza.

Mwandishi: Mulika skrini kwa tochi, kiubavu. Ukiona picha kwa mbali, bodi inafanya kazi ila taa hazipati umeme. Mwambie fundi apime fyuzi ya taa kwanza. Asianze kwa kukuuzia bodi.

babu_wa_mashine: Yangu ni ya 2006, ikiwaka inaanza na wekundu, halafu inacheza nikishusha mwangaza.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Hiyo kwa kawaida si LED, ni taa ya mrija, na wekundu wa mwanzo ni dalili ya mrija uliochoka. Iache iwake dakika kumi kwa mwangaza wa juu, kisha ushushe. Ikitulia, mrija bado una maisha kidogo. Ile bodi nyembamba chini ya kioo usiiguse ikiwa inawaka, inatoa mamia ya volti.