Jiko la zamani na rangi za porini: fanya hivi kabla hujafungua kopo

Kama jiko ni la nyumba ya zamani usianze na rangi, anza na mafuta. Kuta na makabati ya jikoni yamekula moshi na mafuta ya kupikia miaka na miaka, ukipaka juu yake rangi itabanduka tu hata uwe umenunua ya bei kali. Osha kila kitu kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, suuza, acha pakauke kabisa. Panapovuja paziba kwanza, unyevu haufichwi na rangi.

Halafu ujue rangi ya zamani ni ya aina gani. Chovya pamba kwenye spiriti sugua sehemu iliyojificha, ikitoka ni ya maji, isipotoka ni ya mafuta, na rangi ya maji haishiki juu ya ya mafuta bila msasa na praima (rangi ya kwanza ya kushikiza). Hapa naomba sana uwe makini, rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi (Marekani walizipiga marufuku majumbani mwaka 1978), vumbi lake ni sumu na linaharibu ubongo wa watoto, kwa hiyo usipige msasa mkavu kabla haijapimwa, na ikikutwa nayo muachie fundi anayeijua hiyo kazi.

Sasa rangi yenyewe, hapa ndo raha ilipo! Watu wakifika hapa wanaogopa wanarudi kwenye krimu. Mi nasema paka kijani ya msitu, ile iliyokolea inakaribia weusi, kwenye makabati ya chini, juu weka nyepesi kama mchanga, maana rangi nzito inakunywa mwanga na majiko mengi ya zamani madirisha yake ni madogo. Udongo mwekundu nao unapendeza sana pembeni ya mbao. Ila usichague kwa kile kikaratasi cha dukani, paka kadi kubwa mikono miwili (yaani mara mbili) uihamishehamishe jikoni, itazame asubuhi, mchana, na usiku taa zikiwa zimewaka, kwa sababu taa ya njano, zile zilizoandikwa 2700K kwenye boksi, inaifanya kijani ivute unjano na bluu inafifia.

Makabati kama ni ya mbao nzima tafadhali usiyatupe. Fungua milango, ipe namba ili kila mmoja urudi kwake, toa bawaba na vishikio, piga msasa namba 120 umalizie na 220, futa vumbi. Chini ya rangi nzito weka praima ya kijivu, itakupunguzia mikono ya kupaka, na penye mafundo ya mbao tumia ile ya kuzuia madoa la sivyo unjano utatokeza juu baadae. Paka mikono miwili myembamba kwa rola ya sponji, nusu glosi (inayong'aa kiasi) ndo nzuri, inafutika.

Rangi ya maji ikishikwa utaiona imekauka ndani ya masaa machache lakini kukomaa inachukua kama wiki 2 mpaka 4, kipindi hicho futa kwa kitambaa laini tu na milango usiibamize.